Gari la Safari Ndefu Hupimwa Katika Saa ya Tano

Kila Desemba inapokaribia, jamaa na marafiki hapa Nairobi huanza kuniuliza ni gari gani linamfaa mtu anayesafiri mara kwa mara kwenda nyumbani magharibi mwa nchi au kushuka pwani, na karibu wote huanza na ukubwa wa injini. Mimi huwauliza jambo jingine: ukishaendesha kwa saa nne, na bado una mwendo mrefu mbele yako, mgongo wako utakuwa katika hali gani, na waliokaa nyuma watakuwa wamenyamaza kwa sababu wamelala au kwa sababu wamechoka kulalamika? Gari lolote huonekana zuri katika dakika kumi za kwanza, hasa likiwa limeoshwa na kung'arishwa katika yadi ya kuuzia magari. Ubora wa gari la safari hujitokeza katika saa ya tano, wakati dereva aliyechoka anapolazimika kuamua kama nafasi iliyopo inatosha kulipita lori la mafuta kabla ya kona. Kwa hiyo sikubali kwamba starehe katika gari la safari ni anasa. Uchovu hupunguza wepesi wa kuona na wa kuamua, na kila kifaa kinachoupunguza uchovu huo ni sehemu ya usalama kama zilivyo breki.

Familia yangu hutumia barabara mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni ya kwetu Bungoma, kama kilomita 400, ambayo baada ya Nakuru hupanda hadi Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kisha ikateremkia Eldoret na Webuye. Ya pili ni ya Mombasa kwa wakwe zangu, takribani kilomita 480, inayotoka katika ubaridi wa Nairobi na kuingia katika joto la Mtito Andei, Voi na Mariakani. Ya kwanza huijaribu injini na gia. Ya pili huujaribu mwili wa dereva na kiyoyozi. Ninayoyaandika hapa yametokana na kuyatazama magari kwa jicho la barabara hizo mbili.

Naanza na kiti, kwa sababu ndicho kitu pekee katika gari kinachomgusa dereva kwa safari nzima, na ndicho wanunuzi wengi hukikagua kwa kukitazama tu kama ni cha ngozi au cha kitambaa. Kiti kizuri hushika kiuno pale uti wa mgongo unapopinda kwenda ndani, hubeba mapaja karibu yote na kuacha nafasi ya vidole viwili au vitatu nyuma ya goti, na hakimlazimishi mtu kuinama mbele ili aufikie usukani. Ukikaa, kanyaga breki hadi mwisho na uhakikishe kwamba goti lako bado limepinda kidogo. Kisha nyoosha mkono bila kuinua mgongo kutoka kitini: kifundo cha mkono kinapaswa kufika juu ya usukani. Ikiwa kifundo hakifiki, angalia kama usukani unaweza kuvutwa kuelekea kwako, kwa maana katika magari mengi ya bei nafuu usukani hupanda na kushuka tu, na mtu mwenye miguu mirefu hulazimika kuchagua kati ya kuumia magoti na kuumia mabega. Kiegemeo cha kichwa kiwe sawa na utosi, na mguu wa kushoto, ambao katika gari la otomatiki hauna kazi yoyote, upate pahali imara pa kutulia.

Katika magari ya mtumba kutoka Japani, ambayo ndiyo wengi wetu hununua, kuna jambo la ziada la kukagua katika kiti cha dereva. Usukani ukiwa upande wa kulia, dereva hupanda na kushuka akiusugua ukingo wa kulia wa kiti hicho, na sifongo ya upande huo ndiyo inayochoka kwanza. Ubonyeze kwa kiganja, kisha ubonyeze ule wa kushoto, na ulinganishe. Ikiwa wa kulia umelegea na mkono unakutana na chuma, kiti hicho kitakukalisha mshazari hadi Mombasa, na nyonga moja itakuuma kabla ya kufika Kibwezi. Ukingo uliochakaa vile katika gari ambalo mita yake inadai kilomita chache pia ni sababu ya kuitilia shaka mita yenyewe. Fundi hodari wa viti anaweza kubadilisha sifongo, lakini gharama hiyo iingie katika mazungumzo ya bei.

Tulipokuwa tukitafuta gari, nilimchukua mama yangu hadi yadi moja ya Ngong Road, kwa kuwa yeye ndiye abiria wetu wa kudumu na magoti yake hayana nguvu kama zamani. Kijana aliyekuwa akiuza alinivuta pembeni akasema, "Bosi, viti ni viti tu, hivyo utazoea. Wewe angalia injini." Nilimsihi atupe muda. Mama alipojaribu gari refu la aina ya Prado, ilimbidi ashike mlango kwa mikono miwili na kujivuta juu, na aliposhuka nilimwona akiitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu. Alipojaribu Toyota Crown, alizama vizuri kitini, lakini kutoka ilikuwa taabu kubwa zaidi kwa sababu magoti yalikuwa juu ya kiuno. Katika Subaru Outback aligeuka, akakaa, akaingiza miguu, na baadaye akatoka bila kushikwa mkono. Akaniambia, "Hili, mwanangu, halinipandishi wala halinichimbii shimo." Tangu siku hiyo, kila anayesafiri na wazazi mimi humwambia aende nao yadi, kwa maana kimo cha kiti kutoka ardhini hakijulikani kwa kutazama picha.

Baada ya kiti huja kelele. Mngurumo wa matairi juu ya lami yenye kokoto kubwa, pamoja na upepo unaopiga vioo vya pembeni, hauonekani kuwa jambo zito mtu anapozunguka mjini, lakini ukiendelea kwa saa nyingi huchosha akili, na dereva hufika akiwa na kichwa kizito bila kujua sababu. Mazda CX-5 ni mfano mzuri: toleo la kwanza, la 2012 hadi 2016, lilikuwa na sauti nyingi za barabara ndani yake, na toleo la pili, lililoanza mwaka 2017, liliongezewa vizuizi vya sauti kiasi kwamba ukihama kutoka moja kwenda jingine unahisi tofauti mara moja. Toyota Harrier ya 2013 hadi 2020 nayo ni tulivu mno. Kipimo changu hakihitaji chombo chochote: mtu akae kiti cha nyuma, gari liende kilomita 90 au 100 kwa saa pale sheria inaporuhusu, tuzungumze. Tukilazimika kupaza sauti, gari hilo si la safari. Mpira wa mlango uliokauka, fremu ya mizigo iliyofungwa juu ya paa pasipo haja na matairi magumu yaliyozeeka huongeza kelele hata katika gari lililotengenezwa kwa utulivu, na yote matatu yanarekebishika.

Rimu kubwa huuza gari lakini huiharibu safari. CX-5 huja na tairi la 225/65 lenye rimu ya inchi 17 au la 225/55 lenye rimu ya inchi 19. Kimo cha jumla cha gurudumu kinakaribiana, ila katika la pili ukuta wa mpira ni mfupi, na mshtuko ambao ungemezwa na hewa na mpira hufika mgongoni. Barabara zetu zina matuta yasiyopakwa rangi na mashimo yanayojitokeza baada ya mvua. Mimi ningechagua rimu ya inchi 17 bila kusita, hata kama gari litaonekana la kawaida. Jambo hili lisichanganywe na ulaini wa springi na shokamzoba. Gari laini kupita kiasi huyumba katika kona za mteremko wa Mai Mahiu, na watoto walioko nyuma ndio wanaotapika. Kinachotakiwa ni gari linaloumeza mshtuko mara moja na kutulia, bila kuendelea kunesa kama godoro la springi.

Sasa niingie katika injini, ambayo sikuisahau. Namba za nguvu zinazoandikwa katika maelezo ya gari ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na taabo (turbo), yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi na oksijeni ni kidogo. Maana yake ni kwamba hapa Nairobi tayari gari limepungukiwa, na likifika Timboroa likiwa na watu watano, mizigo na gunia la mahindi, limebaki na kama robo tatu tu ya nguvu zake. Sehemu kubwa ya njia hiyo ina gari moja kwenda na moja kurudi, nayo imejaa trela zinazoelekea Malaba. Dereva anahitaji gari linalotoka kilomita 60 hadi 100 kwa saa kwa haraka, kwa sababu kila sekunde anayokaa upande usio wake ni sekunde ya hatari. Taabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo wa hewa, na hapo ndipo Harrier ya lita 2.0 yenye taabo, iliyoingia sokoni mwaka 2017, inapoachana kabisa na ndugu yake asiye nayo, ingawa kwa nje zinafanana sana.

CX-5 ya dizeli ya lita 2.2 ndiyo inayonivutia zaidi katika milima, kwa maana hata katika toleo la awali injini yake ina nguvu ya mzunguko ya Nm 420 inayopatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole, na gia zake sita za kawaida hazipigi kelele inapopanda. Hata hivyo, siwezi kumshauri mtu alinunue ikiwa wiki nzima yeye huenda tu kutoka South B hadi Upper Hill na kurudi. Injini hiyo ina chujio la masizi katika njia ya moshi, na chujio hilo hujisafisha kwa kuyachoma masizi wakati gari linapokwenda mwendo mrefu likiwa na joto la kutosha. Foleni za Nairobi hazitoi nafasi hiyo. Masizi hujaa, taa huwaka katika dashibodi, na matengenezo yake si ya bei ndogo. Anayesafiri kila mwezi atalifurahia. Anayesafiri Krismasi na Pasaka pekee anunue la petroli.

Kuhusu giaboksi zisizo na hatua za gia, ambazo mafundi wetu huziita CVT, maoni yangu ni kwamba zinafaa katika barabara ya Mombasa na huchosha masikio katika kupanda, kwa kuwa injini hupiga kelele moja ndefu hadi kileleni. Ukilichukua gari la namna hiyo, mafuta ya giaboksi yawe yale yaliyoagizwa na mtengenezaji na yabadilishwe kwa wakati. Uhakikishe pia kwamba unaweza kuchagua gia ya chini kwa mkono, ili katika mteremko wa Salgaa injini isaidie kulizuia gari badala ya breki kufanya kazi yote hadi zipate moto.

Kiyoyozi hukaguliwa vibaya sana hapa mjini. Mnunuzi hufika yadi saa tatu asubuhi, mwezi wa Julai, akawasha, akahisi ubaridi, akaridhika, ilhali ubaridi huo upo nje pia. Lirudie gari saa saba mchana siku ya jua, likiwa limesimama wazi na milango imefungwa, uwashe kiyoyozi injini ikiwa haijakanyagwa, na ukae kwa dakika kumi. Kisha nenda ukae nyuma. Ikiwa hakuna matundu ya hewa kwa abiria wa nyuma, wakati wewe unajifunika koti mbele, watoto watakuwa wakitokwa jasho kuanzia Mtito Andei.

Nikija kwenye vifaa vya kielektroniki, naheshimu sana kile kinachofanya kazi barabarani kuliko kinachopendeza kutazamwa. Kidhibiti mwendo kinachojirekebisha, ambacho hupunguza kasi chenyewe gari la mbele linapopunguza, hupumzisha mguu wa kulia na akili katika sehemu tulivu kama kati ya Emali na Voi alfajiri. Subaru iliuzindua mfumo wake wa aina hiyo, EyeSight, nchini Japani mwaka 2008, nao hutumia kamera mbili zilizoko nyuma ya kioo cha mbele. Kwa sababu hiyo, jiwe la lori likikivunja kioo hicho, kioo kipya pekee hakitoshi: kamera lazima zipimwe upya, na si kila duka la vioo linaweza kuifanya kazi hiyo. Kabla ya kununua, tafuta kwanza nani ataifanya. Mfumo huo pia hauyaoni matuta, na ule wa kulirudisha gari katika njia yake hutegemea mistari ambayo katika barabara zetu nyingi imefutika. Kinachonisaidia kila siku ni taa ndogo ya kioo cha pembeni inayowaka pikipiki inapojificha mahali nisipopaona. Skrini na redio nitazipita haraka: redio ya Kijapani huanzia masafa ya 76 na mara nyingi huishia 90 au 95, hivyo vituo vyetu vingi havipatikani bila kuongeza kifaa, na ramani yake ni ya Japani. Badilisha redio, usiache gari zuri kwa ajili yake.

Taa za mbele zinastahili uangalifu mkubwa kuliko skrini. Tunaotoka Nairobi saa kumi alfajiri ili tuipite foleni ya Mlolongo au ya Limuru huendesha gizani kwa muda mrefu. Magari ya Japani yana faida hapa, kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto na mwanga wa taa zao huelekezwa mahali panapofaa kwetu. Tatizo ni umri: plastiki ya taa hugeuka manjano na mwanga hufifia. Angalia pia kitufe cha kuishusha taa gari linapobeba mzigo, kwa maana buti likijaa, pua huinuka na kuwapofusha wanaokuja.

Kimo cha gari kutoka ardhini nacho kina nafasi yake, lakini kisitiwe chumvi. Subaru Forester ina milimita 220, CX-5 kama 210, Harrier 190, na zote hutosha kuingia katika njia ya udongo ya nyumbani bila kukwaruza tumbo, mradi gari lisizidishiwe mzigo. Jambo ambalo ningelikagua kwa ukali zaidi ni tairi la akiba. Magari kadhaa ya sasa huja na chupa ya gundi na pampu tu, na gundi hiyo haisaidii chochote ukuta wa tairi unapochanwa. Nunua gurudumu la akiba, jeki na spana yake kabla ya safari ya kwanza. Kwenye kila tairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya kiwandani: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno mazima na bado likawa limezeeka, na joto la lami ya Tsavo halina huruma kwa mpira mkavu.

Kwa upande wa gharama, sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na ushuru wa bidhaa huwa asilimia 20 kwa injini isiyozidi cc 1,500 na asilimia 25 kwa nyingi zinazozidi hapo, mbali na ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Wengi hujibana katika cc 1,500 kwa sababu hiyo. Kwa mtu mmoja au wawili, si uamuzi mbaya. Kwa watu watano na mizigo yao hadi Bungoma, ningependelea gari kubwa kidogo lililotumika zaidi, lenye karatasi safi ya mnada wa Japani inayoeleza hali yake, kuliko gari dogo jipya zaidi linalohema kutoka Nakuru hadi Timboroa.

Sisi tuliichukua Outback ya lita 2.5, tukijua kwamba haina taabo na kwamba milimani itatudai subira, kwa sababu viti vyake, kimo chake kwa mama na buti lake lilitosheleza mahitaji yetu ya kweli. Anayesafiri na watu watatu na kupenda utulivu, namwelekeza kwenye Harrier yenye taabo. Familia ya watu saba ambayo kwa kawaida huchukua Toyota Noah au Voxy, magari yenye safu tatu za viti, naiomba imketishe mtu mzima katika safu ya tatu kwa nusu saa kabla ya kulipa, kwa kuwa viti vile vya kukunja huwa vyembamba.

Lolote utakalolipenda, omba kuliendesha kwa saa moja kamili, ukiwa na familia yako ndani, kwa mfano kupitia barabara ya Thika hadi Juja na kurudi, mafuta yakiwa juu yako. Muuzaji asipokubali, nenda yadi nyingine, kwa maana zipo nyingi Ngong Road, Kiambu Road na Mombasa Road, na zote zina mteja mmoja tu anayejua mgongo wako unahitaji nini.